Uso wa Unaisi

Jumatatu, yapata saa nne asubuhi, mjukuu wangu Unaisi alitembea kutoka mji wa Levuka kwa njia ya pwani, akafika kwenye daraja la kijiji chetu cha Vatudamu, akavua kofia, akasimama. Hakuvuka. Alisimama hapo kwa muda wa kutosha kuonwa na kila mwenye macho, kisha akageuka na kurudi mjini, alikokuwa amepanga chumba.

Mimi sikumwona, kwa kuwa nilikuwa shambani nikipalilia majimbi. Habari ililetwa na mke wangu, Vilimaina, ambaye si kawaida yake kupanda kile kilima.

“Mwalimu,” alisema. Baada ya miaka arobaini na sita ya ndoa bado huniita hivyo anapokasirika. “Mtoto wa Asinate alikuwa darajani.”

“Amevuka?”

“Hajavuka.”

“Basi amefundishwa vizuri,” nikajibu, nikaendelea kupalilia.

Kwetu Fiji mtoto haingii ujombani kwake mara ya kwanza kama mtu anayeingia dukani. Watu wa baba yake humleta. Huja na jino la nyangumi na mikeka, wakaketi chini mbele ya watu wa mama yake, wakasema: huu ndio uso wa mtoto wenu, utazameni. Tangu siku hiyo kila nyumba ya ujombani ni yake, na akimtamani kuku wa mjomba, kuku ni wake. Kabla ya siku hiyo hana mlango wa kubisha. Mimi ni mkuu wa ukoo wetu, na kwa miaka thelathini na mitano nilikuwa mwalimu mkuu wa shule. Nimewarudisha watu wenye vyeo vikubwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Unaisi alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na uso wake haukuwa umeletwa. Sababu ilikuwa mimi, nami nitaieleza bila kujipamba.

Binti yetu Asinate alikwenda Townsville, Australia, kusomea uuguzi. Huko alipatana na kijana fundi wa injini za boti, jina lake Colin. Kijana huyo alikuja kumposa. Alikuja peke yake juu ya baiskeli ya kuazima, kofia kichwani, miwani myeusi usoni, chupa ya wiski mkononi, akakata katikati ya kijiji akipungia watu mkono, na hiyo ilikuwa siku ya nne ya matanga ya kaka yangu. Nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani. Nilimwambia arudi akiwa na msemaji, na jino, na watu wa kuketi nyuma yake. Alinijibu kwamba katika dunia hii alikuwa na mtu mmoja tu, mama yake, naye alikuwa hawezi kutembea. Nikamwambia kuwa shida hiyo ilikuwa yake, si yangu.

Alirudi mjini, akakaa siku chache, akapanda boti. Walifunga ndoa katika ofisi ya serikali huko kwao. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko safi, kwamba hakuna mtu wa nyumba ile atakayevuka daraja la Vatudamu mpaka uso wa mtoto, Mungu akiwajalia mtoto, uletwe na watu wa baba kwa utaratibu. Sikupata jibu. Mwaka uliofuata ilikuja picha ya mtoto mchanga, na nyuma ya picha jina lake: Unaisi. Ni jina la mama yangu mzazi.

Colin alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Mama yake alikuwa ametangulia. Kwa hiyo binti aliyesimama darajani Jumatatu ile alikuwa akisubiri kuletwa na watu ambao hawakuwapo tena duniani, na boti yake ya kuondoka ilikuwa Jumamosi.

Kila Jumanne mimi huenda mjini kununua mkate na gazeti. Mtu mwenye haraka asiende Levuka. Mwenye duka la misumari hufunga akisinzia na kufungua akiamka, na saa ya mnara wa kanisa hugonga mara mbili, mara ya pili ikiwa dakika moja baada ya ya kwanza, kwa faida ya wale ambao hawakuwa wakisikiliza. Mwisho wa safu ya maduka ya mbao, kuelekea gatini, ndipo anapouza yaqona, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, mtani wangu Waisale. Huuza mizizi na huuza iliyotwangwa, na yeye mwenyewe hunywa kuliko anavyouza.

Waisale ni mtu wa kisiwa cha Gau. Kijiji chao na chetu ni watani tangu enzi za mababu waliomwabudu mungu mmoja. Ana ruhusa ya kunitukana hadharani, na kuingia nyumbani kwangu na kubeba alichokipenda bila kuomba. Mimi sina ruhusa ya kununa. Ruhusa yake huitumia yote.

“Ee! Maiti imetembea!” alipaaza sauti aliponiona, wanawake waliokuwa wakiuza mboga kwenye ukuta wa bahari wakageuka. “Karibu, Mwalimu. Leo umekuja kumsahihisha nani?”

“Nimekuja kununua mkate, we mla popo.”

“Mkate umekwisha. Mwokaji alikuona toka mbali, akafunga duka akajificha chini ya unga.”

“Na wewe je, mbona hukujificha?”

“Mimi nimeshazoea sura mbaya. Nina kioo nyumbani.”

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha fungu lake la majani. Hapo ndipo nilipomwona binti aliyekuwa ameketi kwenye benchi la Waisale, akinywa dafu. Alikuwa na paji la uso la mama yangu, pana, lenye mkunjo mmoja katikati hata akiwa ametulia. Aliponitambua aliteremka kwenye benchi, akaketi chini kwenye sakafu ya mbao, ili kichwa chake kiwe chini kuliko changu. Akanisalimu kwa lugha yetu, polepole, neno kwa neno, bila kukosea hata moja.

“Babu,” akasema, “hapa mjini naruhusiwa kukaa na wewe?”

“Mji si kijiji cha mtu. Kaa.”

“Na nikikununulia chai?”

“Chai haina daraja,” nilisema.

Waisale alijigonga kifuani. “Jamani! Amefanya mzaha! Andikeni tarehe!”

Tulikunywa chai. Nilimuuliza kuhusu masomo yake, akanijibu kwamba anasomea upimaji wa ardhi. Nikamuuliza afya ya mama yake, akasema nzuri. Kisha nikamuuliza lile nililotaka kuuliza tangu mwanzo.

“Kwa nini umekuja, ikiwa unajua huwezi kuvuka?”

“Mama aliniambia nisivuke. Hakuniambia nisije.”

Jibu hilo, kama ningelipewa darasani, ningelipigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika: vizuri sana. Pale nilikoroga chai tu, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

“Babu, baba hayupo. Bibi wa kule hayupo. Hakuna wa kunileta. Sasa nifanyeje?”

“Sijui,” nikasema.

“Basi nitakuja darajani kila siku mpaka Jumamosi. Angalau nyumba nitaziona.” Alisema hivyo bila kulalamika, akainuka kwa magoti, akapita nyuma yangu ameinama kama inavyopasa, akaenda kurudisha vikombe.

Waisale alimtazama akienda, kisha akanitazama mimi. “Mtu ana mjukuu kama huyu, anamwacha nje kama viatu.”

“Huo utani umevuka mpaka.”

“Nani kakwambia ni utani?” alisema, akaanza kupima mizizi ya mteja mwingine.

Jumatano Unaisi alikuja darajani, na safari hii hakusimama peke yake. Nilikuwa nikiteremka kutoka shambani nilipomwona Vilimaina amekaa upande wetu wa daraja juu ya mkeka, na Unaisi upande wa pili juu ya majani ya mnazi. Katikati, juu ya mbao, palikuwa na sufuria ya majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui, na mihogo ya kuchemsha. Walikuwa wakila kutoka chombo kimoja. Kila mmoja alinyoosha mkono kwa zamu, na kijito kikipita chini yao.

Jioni nilimkabili mke wangu.

“Vilimaina, lile ni jambo gani?”

“Lipi?”

“Pale darajani.”

“Sijavunja kitu. Yeye hajavuka kuja kwetu, mimi sijavuka kwenda kwao. Daraja lilijengwa na serikali.”

“Unanichezea.”

“Nikuchezee wewe? Nani anaweza?” Alikaa akanitazama. “Kwani ungesema tu ‘ingia’, ungekufa?”

Nilimweleza, naye nadhani alinisikiliza, ingawa alikuwa akiyajua yote. Nilimwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kujiletea uso mwenyewe. Mimi nikisema ingia, ataingia kama mgeni wangu, atakula, atapigwa picha, ataondoka, na nikifa hakuna atakayekumbuka kwamba alikuwa na haki humu. Nilitaka aingie kwa mlango ambao hakuna binamu yake, leo wala miaka hamsini ijayo, ataweza kumfungia. Sikuwa nikimzuia kwa chuki. Nilikuwa nikimlinda.

“Sawa,” alisema Vilimaina. “Na siku ile ulipomrudisha baba yake, ulidhani mtoto ataletwa na nani?”

Nilichukua taa nikaenda kukagua zizi la nguruwe, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Alhamisi nilipitisha siku nzima nikitafuta njia. Nilipekua daftari zangu za mila, nilizoziandika kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa wazee. Niliona habari za mtoto yatima wa mama, za mtoto wa mke wa pili, hata za mtoto aliyezaliwa baharini. Za mtoto ambaye watu wote wa baba yake wamekwisha sikuziona popote, kwa sababu miongoni mwetu watu wa mtu hawamaliziki. Kila mmoja wetu amezaliwa ndani ya umati. Ilinipambazukia, nikiwa na umri wa miaka sabini na minne, kwamba nilikuwa nimemtaka kijana mmoja alete kitu ambacho kwake hakikuwahi kuwapo, nikamhesabia kukikosa kuwa dharau.

Jambo hilo sikumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi Vilimaina alifagia nyumba mara mbili na kutandika mikeka mipya, ile yenye pindo za sufi.

“Kuna nini?” nikauliza.

“Usafi. Nao unahitaji msemaji?”

Saa tisa alasiri walianza kuingia wazee wa ukoo, mmoja mmoja, wamevaa sulu zao za kanisani, zile shuka za kiunoni. Binamu yangu Emosi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikaa mahali pake mkono wangu wa kulia bila kunitazama usoni. Hapo nilifahamu kwamba kijiji kizima kilikuwa na siri, na aliyefichwa nilikuwa mimi peke yangu. Niliketi kwenye nafasi yangu ya juu kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuketi.

Kutoka upande wa daraja ilisikika sauti ya mwito wa heshima, ule wa wageni wanaoomba njia. Emosi aliuitikia papo hapo, upesi mno, kama mtu aliyekuwa amefungua mdomo tayari.

Waliingia kwa magoti kupitia mlango wa chini. Mbele alikuwa Waisale. Nilimjua kwa miaka hamsini na sikuwahi kumwona amechana nywele. Siku hiyo alikuwa amezichana, na shati lake jeupe lilikuwa na mistari ya pasi. Nyuma yake mkewe na ndugu zake wa Gau wanaofanya kazi gatini, wanane kwa jumla, wamebeba mikeka na vitambaa. Katikati yao Unaisi, amevishwa mkeka kiunoni, macho chini. Wote waliketi upande wa chini wa nyumba. Nilihesabu watu walioketi nyuma ya binti yule.

Waisale alisogea mbele, akainua kwa mikono miwili jino la nyangumi, akaanza kusema. Aliisifu nyumba yetu, akalisifu jina la ukoo, akawataja marehemu kwa mpangilio wao sahihi. Hakukosea. Mimi nilikuwa nikilitazama jino.

Lilikuwa jino langu.

Nililijua kwa ufa mwembamba kama unywele ulioko karibu na ncha, na kwa kamba ya nyuzi za nazi ambayo niliisuka kwa mkono wangu. Nililipata mwaka ule ilipokuja picha ya mtoto mchanga. Watu wa mama nao hujibu kwa jino siku uso unapoletwa, nami nilitaka siku hiyo isinikute mikono mitupu. Tangu hapo kila mwaka nilikuwa nikilipaka mafuta ya nazi na kulirudisha katika sanduku chini ya kitanda, mlango ukiwa umefungwa. Niliamini hakuna anayejua.

Nilimtazama Vilimaina. Alikuwa akinyoosha ukingo wa mkeka ambao ulikuwa umenyooka.

“Mtani,” nilisema, na watu wakashtuka, kwa maana msemaji hakatizwi. “Jino hilo limetoka wapi?”

“Nyumbani kwa mtani wangu,” alijibu Waisale bila kuteremsha mikono. “Nilipita jana akiwa amezama kwenye madaftari yake. Nikaona kitu kizuri, nikakipenda, nikachukua. Ndiyo sheria, au siyo? Wewe ndiye uliyeiandika.”

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Ilikuwa kweli. Anachokichukua mtani si changu tena. Jino lile lilikuwa lake kihalali tangu alipolitoa nje ya mlango, na alikuwa na haki ya kumpa amtakaye, hata mimi.

Bado lilibaki swali moja, nami sikuweza kuliruka hata kwa ajili ya mtoto yule. “Wanaoleta uso wa mtoto ni watu wa baba. Wewe unasema kwa niaba ya nani?”

Utani ulimtoka usoni, ukamwacha mzee wa kawaida aliyechoka kuinua mikono.

“Kwa niaba ya Colin,” alisema. “Siku uliyomrudisha alikuja dukani kwangu akikokota baiskeli. Alilala kwangu siku nne. Alikula sahani moja na mimi. Kila asubuhi alikuwa ananiomba nimfundishe maneno ya kusema mbele yako, na ulimi wake mzito ule, maskini, akarudia na kurudia. Siku ya nne akasema, Mzee, maneno nimeyashika, lakini nani atakaa nyuma yangu? Nilitakiwa kumwambia, nitakaa mimi. Sikumwambia. Nilikuogopa, Mwalimu. Mimi mtani wako, nisiyeogopa kukuita maiti mbele za watu, nilikuogopa. Nikamsindikiza kwenye boti.” Alivuta pumzi. “Mtu aliyelala kwangu na kula kwangu ni mtu wangu. Nimechelewa miaka ishirini na miwili. Hawa walio nyuma ni watu wake. Huu hapa uso wa mtoto wenu. Utazameni.”

Emosi alinigeukia, akingoja ishara. Ningeweza kulikataa. Daftari zangu hazikuwa na ukurasa wowote wa kumtetea Waisale.

Kwa desturi msemaji ndiye hupokea kwa niaba ya mkuu. Mimi nilisogea mbele mwenyewe, kwa magoti yangu mabovu, nikanyoosha mikono nikalipokea jino. Lilikuwa na uvuguvugu wa mikono yake. Nilianza maneno ya kupokea, maneno ambayo nimewafundisha vijana wa vijiji vitatu, na nilipofika mahali pa kulitaja jina la upande wa baba, sauti ilikatika. Emosi alifungua mdomo anisaidie. Nilimzuia kwa mkono.

“Nimepokea,” nikasema, “kutoka kwa watu wa Colin.”

Makofi ya heshima yalipigwa, mazito, ya pamoja. Vilimaina hakungoja yaishe. Alivuka mikeka kwa magoti, akamshika Unaisi mabega, akambusu kwa kumnusa shavu hili na lile, akalia kwa sauti kama desturi inavyoruhusu, na zaidi ya desturi inavyoruhusu. Wake za ndugu zangu walimfuata. Binti alipotea katikati yao, nikawa naona mkono wake tu.

Yaqona ilichanganywa. Waisale alipewa kifuu cha kwanza cha wageni, akakinywa mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo.

“Yako chungu,” alisema. “Nitakuuzia iliyo bora.”

“Urudishe kwanza shoka langu ulilochukua mwaka jana.”

“Shoka gani? Nililigawa zamani.”

Nguruwe alikuwa tayari ndani ya tanuri la ardhini nyuma ya nyumba, nguruwe wangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua hilo pia. Kabla ya kula, Unaisi alinijia mahali pangu, akaketi chini mbele yangu akiwa na simu mkononi.

“Babu, Mama anasubiri. Hajui kama imewezekana. Nimwambie, au utamwambia wewe?”

Niliichukua simu. Ilikuwa nyepesi, nami sikujua niishike vipi, akanielekeza. Nikasikia upande wa pili mtu akipumua.

“Asinate,” nilisema. “Uso wa mtoto umefika nyumbani. Umeletwa na watu wa baba yake, wanane, kwa utaratibu.”

Pumzi ile ikazibwa ghafla. Nilijua kilio chake tangu akiwa mtoto. Hulia kwa kuziba mdomo.

Nilikuwa nimepanga kumwambia aje, na kwamba asisahau kuvaa nguo ndefu. Lakini kulikuwa na jambo lililotakiwa kutangulia, nami siku zote nimewafundisha wanafunzi kwamba jambo la kwanza hutajwa kwanza.

“Yule kijana,” nikasema, “alipokuja siku ile, alikuja akiwa na alichokuwa nacho. Nilimkosea. Nilipaswa kumwambia yeye, sasa nakwambia wewe.”

Wazee walio karibu walitazama vifuu vyao. Asinate akaniuliza, kwa sauti ileile ya msichana niliyempeleka shule ya bweni:

“Baba, na mimi naweza kuvuka?”

“Panda boti ya kwanza,” nikamjibu. “Nitakusubiri darajani, upande wa kule.”

Nikampa Vilimaina simu, kwa sababu alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, nikaenda nyuma ya nyumba kuwasaidia kufukua tanuri.